Salfa itangoja, Ethel anasali kwanza

Saa kumi na dakika ishirini alfajiri, Mnyambe, wilayani Newala. Baridi ya Julai inapenya sweta na khanga mbili, na umande unadondoka kutoka kwenye majani ya mikorosho kana kwamba mvua imekatika sasa hivi. Kila kitu kiko tayari. Mashine ya kupulizia dawa imejazwa petroli, mfuko wa kwanza wa salfa umefunguliwa, na mwenye shamba, Mzee Yunusi, amesimama mpakani na tochi yake akisubiri kusikia injini.

Ethel Namahala, mama wa miaka 47, amebeba mashine mgongoni na ameshika kamba ya kuwashia. Haivuti.

Amefumba macho. Kushoto kwake amesimama mwenzake wa kazi, Zuhra Saidi, mikono ameikinga mbele ya kifua. Dakika ya kwanza inapita bila neno. Ya pili inaingia. Mzee Yunusi anakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayetaka kukumbusha jambo lakini anaogopa kujibiwa.

"Ee Mungu, asante umetuamsha," Ethel anasema hatimaye, kwa sauti ya kawaida, kama anaongea na mtu wa nyumba ya pili. "Tutulize. Mikono yetu isimuumize mtu leo. Jua likipanda tuonane wote wazima."

Ananyamaza. Bado hajavuta kamba. Zuhra anashusha miwani ya plastiki kutoka kwenye paji la uso, anaikaza, anavuta kitambaa hadi juu ya pua, anarudi nyuma hatua nne.

"Amin," anasema Zuhra.

Hapo ndipo kamba inapovutwa. Injini inakohoa mara mbili, ya tatu inashika, na wingu la manjano linapanda kuelekea kwenye maua ya mkorosho wa kwanza.

Dakika tatu zimetumika. Kwa msomaji wa mjini ni muda wa kutafuta viatu. Kwa wapuliza salfa wa Newala na Masasi ni jambo la kugombana. Unga wa salfa, unaoyakinga maua na ugonjwa wa ubwiri unga, hunata vizuri majani yakiwa na umande na hewa ikiwa imetulia. Jua likishachomoza umande unakauka, upepo unaamka, na dawa ya mkulima inaanza kuwapulizia majirani bure. Ndiyo maana kila mwenye shamba hapa ana saa kichwani, na ndiyo maana Ethel amepewa jina ambalo linamfuata kutoka kijiji hadi kijiji: Padri wa Salfa.

"Wanadhani wananitukana," anasema akicheka, meno yote nje. "Padri ni mtu mkubwa. Waendelee."

Ethel alizaliwa Kitangari, mtoto wa nne wa mama aliyechota maji bondeni maisha yake yote. Sala anayoisema shambani ni ya mama huyo. Kabla ya kushuka mteremko na ndoo, mama alisimama mlangoni, akanyamaza, akasema maneno yake manne, na mabinti wote walipaswa kusimama wakiwa wameshika ndoo zao mpaka amalize. Aliyetangulia kutoka alirudishwa ndani aanze upya.

"Tulikuwa tunakasirika sana," Ethel anakumbuka. "Wenzetu wameshafika kwenye foleni, siye bado tumesimama mlangoni kama nguzo. Lakini niseme ukweli. Mteremko ule uliwaangusha wengi. Kwetu hakuanguka mtu."

Baada ya darasa la saba aliolewa, akazaa watoto watatu, akalima muhogo na mbaazi na mikorosho michache ya mumewe. Kwenye salfa aliingia kama mbeba mifuko. Siku moja mwaka 2012 mwendesha mashine wao aliamkia kwenye pombe na hakutokea kabisa. Wanaume watatu waliokuwepo wakawa wanatazamana. Ethel aliivaa mashine mgongoni, akauliza kamba inavutwa wapi, akapuliza miti sabini. Kuanzia siku hiyo hakubeba tena mfuko wa mtu.

Zuhra, ambaye majirani humwita Mama Fikirini kama wanavyomwita Ethel Mama Yeremia, ndiye anayemjazia dawa na kumwongoza miti. Ni Mwislamu kutoka familia ya wakulima na wachuuzi wa Masasi, aliyeolewa Mnyambe. Ethel ni Mwanglikana. Kazi huanza mapema kuliko adhana, kwa hiyo ikifika saa kumi na moja na robo injini inazimwa tena, Zuhra anatawadha kwa maji ya kwenye dumu dogo, anatandika khanga kati ya mikorosho na kuswali. Ethel anakaa pembeni na mashine, anamlindia viatu.

"Msikitini viatu vinaibwa," Zuhra anasema. "Hapa nina mlinzi, tena wa kanisani."

Utani huo wanautoa kwa wageni. Jambo lenyewe wanalisimulia kwa shida zaidi, na inabidi umwulize Zuhra, kwa sababu Ethel akilifikia hutazama pembeni.

Ilikuwa Julai 2019, kwenye shamba karibu na Newala mjini. Msimamizi wa shamba alikuwa nyuma yao tangu saa kumi, akihesabu miti, akisema jua hilo, jua hilo. Wakati huo Ethel alikuwa akisali pale alipokumbuka tu. Siku hiyo hakukumbuka. Zuhra alikuwa ameinama anafunga mdomo wa mfuko, miwani iko kwenye paji la uso kwa sababu ilikuwa imeshika ukungu. Ethel alidhani ameshasogea. Akavuta kamba.

Upepo haukuwepo hata kidogo siku hiyo. Wingu lote lilikwenda lilikoelekezwa, na lilielekezwa usoni kwa Zuhra.

"Nilisikia kama mtu amenipaka pilipili ndani ya jicho kisha akaliwasha moto," Zuhra anasema. Alilazwa wiki mbili. Jicho la kulia lilipona. La kushoto linaona kivuli tu, kama mtu anayetazama kupitia chandarua kichafu.

Ethel alikwenda kumwona akiwa na chungwa moja, akakaa kwenye kona ya kitanda, akalia hadi muuguzi akamtaka atoke. "Nikamwambia Mama Yeremia, basi menya hilo chungwa," Zuhra anasema. "Kulia utalia, lakini mimi nina njaa."

Watu wengi wangeachana hapo. Zuhra aliweka sharti. Atarudi kazini, alisema, lakini mashine haitawashwa mpaka wote wawili wametulia. Ethel atasali sala ya mama yake, wala asiikimbize. Yeye Zuhra atasema Amin. Na Amin hiyo haitatoka kabla hajavaa miwani, hajafunika pua na hajarudi hatua nne. Ethel naye atasimama upande wa kulia wa Zuhra, upande wa jicho zima, ili aonwe.

"Kwa hiyo mtu akiniambia niache sala, hajui anachoniomba," anasema Ethel, na sasa hacheki. "Ananiambia nivute kamba bila Amin ya Zuhra. Nilishavuta mara moja. Wengine walinifariji, wakasema ni salfa, ni bahati mbaya. Si salfa, bwana. Haraka yangu ndiyo iliyomwingia jichoni."

Mwandishi wa simulizi hii alimwuliza swali ambalo wengi huuliza: kwa nini asisali nyumbani, kisha shambani wakapeana ishara ya mkono tu?

"Nyumbani nasali, tena sana," alijibu. "Lakini nyumbani sijashika mashine. Yule wa nyumbani hana shida. Ninayetaka atulizwe ni huyu aliyeshika kamba, ana usingizi, ana baridi, na mwenye shamba anamkoholea."

Mzee Yunusi, aliyekuwa akisikiliza, alitazama chini kwenye miguu yake.

Mwaka huu sharti hilo lilikaribia kuwatoa kwenye kazi kabisa.

Mashine wanayoitumia si yao. Wanaikodi kwa mtu wa Newala mjini, na mwenyewe ameshatangaza kuiuza mwisho wa Agosti kwa shilingi laki sita. Malipo ni elfu kumi kwa kila mfuko wa salfa wenye kilo 25, na kati ya hizo elfu tatu ni za mwenye mashine. Kinachobaki wanagawana nusu kwa nusu. Mpaka Juni walikuwa wamejibana hadi kufikisha laki mbili na tisini. Mashine ikienda kwa mtu mwingine, msimu ujao Ethel atarudi kubeba mifuko, na Zuhra, kwa jicho lile, anasema hakuna mwendesha mashine mwingine atakayemchukua.

Tumaini lao lilikuwa shamba moja la Chiungutwa, wilayani Masasi. Miti elfu moja na mia mbili, mwenyewe anaishi Dar es Salaam, awamu zote za kupuliza mpaka mwisho wa msimu. Kazi hiyo peke yake ingewafikisha kwenye laki sita.

Msimamizi wa shamba hilo, kijana wa miaka thelathini na kitu aitwaye Erasto, aliwaita mwezi Juni mbele ya wapulizaji wengine. Hakutoa hata shikamoo. Alisema amesikia habari za ibada zao. Alisema salfa ya bosi wake haina dini. Injini iwake saa kumi kamili, asiyeweza aseme.

Ethel alisema.

"Nikamwambia, baba, siwezi," anasimulia. "Akaniuliza, dakika tatu ndizo zikukoseshe kazi? Nikamwambia hapana, dakika tatu ndizo zinikoseshe kwenda tena hospitali na chungwa. Hakuelewa. Sikumwelewesha. Wenzangu wakacheka, nikachukua baiskeli yangu."

Kutoka Chiungutwa hadi nyumbani kwake ni mwendo wa kumchosha kijana. Anakiri kwamba njiani alilia, na kwamba kwenye kilima cha kwanza alitaka kugeuza arudi kuomba radhi. Zuhra, aliyekuwa nyuma yake kwenye baiskeli ya pili, alimpita bila kusema neno akaendelea kukanyaga. Ethel ikabidi amfuate.

Kazi walipewa vijana watatu. Kwa wiki chache Ethel na Zuhra walipuliza mashamba madogo ya Mnyambe na Kitangari, miti thelathini hapa, hamsini kule, kwa watu kama Mzee Yunusi ambao wanakohoa lakini wanasubiri. Kasi hiyo isingenunua hata nusu ya mashine.

Tunarudi kwenye asubuhi ya Mnyambe. Saa mbili na nusu jua limeshapanda, injini imezimwa, na wanawake hao wawili wamekaa juu ya mifuko mitupu wakila muhogo wa kuchemsha, nyusi zao za manjano, wakati bodaboda inapokata kona na kusimama. Anashuka Erasto.

"Shikamoo Mama Yeremia. Shikamoo Mama Fikirini."

"Marahaba," wanajibu kwa pamoja. Zuhra anaendelea kutafuna.

Erasto haketi. Anaeleza kwamba vijana wale walikuwa wepesi kweli, walimaliza saa nzima kabla jua halijachomoza. Walikimbia. Miti mingine ilipata dawa upande mmoja tu, mingine vishina vimepakwa na maua yakarukwa, na sasa unga mweupe wa ugonjwa umeanza kuonekana kwenye maua. Mmoja wao amevutishwa salfa na mwenziwe, anakohoa, amegoma kurudi. Bosi amepiga simu mara nne jana.

Ethel anauliza jambo moja kwanza. "Huyo anayekohoa, amepelekwa zahanati?"

"Amepelekwa."

"Usiwalaumu vijana," anasema. "Uliwakimbiza wewe."

Hapo Erasto anatoa alilokuja nalo. Waje Chiungutwa keshokutwa. Awamu nne zilizobaki zote zao. Ataongeza elfu mbili kwa kila mfuko. Ila bosi ni mtu wa saa, kwa hiyo wakubaliane, sala iwe nyumbani, shambani iwe kazi.

Elfu mbili kwa kila mfuko. Zuhra ameacha kutafuna. Mwandishi huyu alizipigia hesabu kichwani, na anakiri kwamba yeye angekubali.

Ethel anafuta mikono kwenye khanga. "Elfu mbili zako baki nazo," anasema. "Tutakuja kwa bei ileile ya elfu kumi. Tutasimama, tutasali, Mama Fikirini atasema Amin, ndipo nitawasha. Saa kumi na moja na robo nitazima aswali, nitawasha tena. Ukiona tunachelewesha, nenda kwenye miti, hesabu maua yaliyopona. Hutaki, hiyo hapo bodaboda yako, mafuta bado yapo."

Erasto anamtazama Zuhra, labda akitegemea huruma ya mtu wa pili. Zuhra anaondoa kipande cha muhogo mdomoni. "Mimi ndiye mwenye sharti, mwanangu," anasema. "Huyu anasali tu."

Msimamizi anasogea pembeni na simu. Anaongea kwa muda mrefu na kwa sauti ya chini, mgongo umetugeukia. Akirudi anasema neno moja tu, "Haya," na anapanda bodaboda bila kuaga. Ethel anasubiri mpaka mlio uishe, ndipo anauchukua tena muhogo wake.

"Angekataa je?" mwandishi anauliza.

"Tungekosa mashine," anasema. "Na ningevuta kamba ya nani, sijui. Lakini isingekuwa kwa kumruka huyu." Anamwonyesha Zuhra kwa kidevu.

Keshokutwa yake, saa kumi kasoro tano alfajiri, Chiungutwa. Wanawake hao wamelala kwa binamu yake Zuhra ili wasichelewe, na wamefika kabla ya msimamizi. Erasto anakuja amejifunika blanketi, simu mkononi, kioo kinamulika kidevu chake. Saa kumi kamili anainua uso. Ethel ameshika kamba na amefumba macho.

Hewa imetulia kabisa. Hakuna jani linalotikisika, umande ni mwingi, na mpuliza salfa yeyote angesema sasa, sasa hivi, vuta. Ethel hatikisiki. Dakika ya kwanza. Dakika ya pili. Erasto anatazama simu, anatazama miti, anatazama simu.

"Ee Mungu, asante umetuamsha. Tutulize. Mikono yetu isimuumize mtu leo. Jua likipanda tuonane wote wazima." Anavuta pumzi kidogo. "Na huyu Erasto naye mtulize, maana bosi wake anampigia sana."

Imebaki Amin.

Zuhra anashusha miwani. Anaiona ina ukungu. Anaivua, anaipangusa kwa ncha ya khanga, kioo cha kulia, kisha cha kushoto ambacho hakimsaidii kitu, anakipangusa hicho kwa muda mrefu zaidi. Anaivaa. Anakaza kamba ya nyuma. Anavuta kitambaa juu ya pua, hakijakaa sawa, anakifungua, anakifunga upya. Anarudi hatua moja. Ya pili.

"Mama Fikirini," Erasto anasema, sauti imepanda, "nakuomba, sema basi!"

Ya tatu. Ya nne.

"Amin," anasema Zuhra.

Siku hiyo walimaliza mifuko minne kabla umande haujakauka. Erasto alipita mti kwa mti akimulika maua ya juu, na hakurudi na kasoro. Zuhra aliposwali, msimamizi huyo alikaa mbali kidogo, amegeukia barabara. Injini ilipowaka tena hakutazama simu.

Wakati jua linatoka, Ethel anavua mashine na kuiweka chini taratibu. Kama mambo hayataharibika, mwisho wa Agosti watakuwa na laki sita na ziada ya kununua plagi mpya. Tayari amemwambia mwenye mashine asimwonyeshe mteja mwingine. Anataka msimu ujao awachukue wale vijana watatu wa Chiungutwa, akiwemo anayekohoa akipona, awafundishe kupuliza miti pande zote. Watalipwa kama wengine. Atakayekuwa na haraka atarudishwa mpakani aanze upya, kama mama yake alivyofanya mlangoni.

Anaipigapiga mashine ubavuni kwa kiganja.

"Hii nikishainunua, hakuna mtu atakayeniuliza tena kuhusu dakika tatu," anasema. "Itakuwa yangu na ya Zuhra. Kamba itavutwa akisema Amin. Asiposema, tutasimama hapohapo mpaka korosho zianguke."